Wifi na Kozi Yake ya Meli

Wifi yangu Mastula,

Nilianza kwa kuandika "natumaini u mzima", kama tulivyofundishwa shule ya msingi, nikakata mstari. Mkono umezoea vibaya. Basi nakupa salamu unayostahili sasa, ile watu wanayoitoa wakipita makaburini: amani iwe juu yenu, nyinyi mliotangulia. Na wewe umo ndani ya hilo "nyinyi". Bado sijazoea.

Aziza amelala. Amekataa muhogo, amelia, amenitapikia gauni, sasa amelala mikono juu kama mtu aliyeshinda kesi. Nimepata nafasi, sijui ya muda gani.

Nakuandikia kwa sababu lile jambo letu limefika mahali, na wewe ndiye uliyelianza, na hakuna aliyekuletea habari. Mama yako anasema wafu wanajua kila kitu. Huenda. Lakini wewe hata ulipokuwa hai hukupenda habari ya juu juu. Ulikuwa ukinikata njiani: "Ngoja, Mama Aziza. Nani alisema? Alisema mbele ya nani?" Kwa hiyo nitaieleza yote, hata yale unayoyajua, maana nataka Aziza akikua aisome naye aelewe shangazi yake alikuwa mtu wa namna gani. Haitapita posta, kwa hiyo ninaandika ninavyotaka.

Rajabu, kaka yako, mume wangu, alikuwa fundi wa magari katika gereji ya wizara. Asubuhi moja alitoka na Land Rover ya mkubwa fulani kwenda kuijaribu breki. Jioni Land Rover ilirudi gereji ikiendeshwa na mtu mwingine, breki nzuri kabisa. Rajabu hakurudi. Mimi nilikuwa na Aziza tumboni. Tuliuliza gereji, wakasema hawajui. Tuliuliza kituoni, afande akaliangalia tumbo langu kwanza, kisha uso wangu, akasema polepole, "Dada, nenda nyumbani. Usiulize tena. Nakuambia kama ndugu." Hiyo ndiyo habari ya mwisho tuliyoipata. Hakuna mwili, hakuna barua, hakuna mtu aliyemwona hata sokoni kwa mbali.

Na nyumba hii ya Wandegeya, vyumba viwili nyuma ya soko, imeandikwa jina lake. Hapo ndipo nilipoingia kwenye shimo. Kila ofisi niliyokwenda waliniuliza mume yuko wapi. Nikisema sijui, wanafunga faili. Nikisema amekufa, wanataka karatasi ya kifo. Nikisema yuko hai, wanataka saini yake. Paa lilivuja juu ya kitanda cha mtoto, na mpangaji wa chumba cha uani akaniambia wazi kwamba hapokei amri ya mwanamke ambaye si mwenye nyumba. Si mke, si mjane. Hata eda sikujua kama nikae au nisikae.

Nyumbani nako tulikuwa na pande mbili. Baba Mdogo Sebi, mdogo wa baba yenu, alitaka Rajabu awe amekufa. Alisema kwa sauti ya upole, akinywa chai yetu: "Mtu hapotei hivi akarudi. Tusome dua, tugawe, tuendelee." Kugawa maana yake yeye ndiye angesimamia, mimi na mtoto tungerudi kwa baba yangu, huko Nateete, na bunda la nguo. Na Mama, mkwe wangu, upande wa pili hakutaka hata kikombe cha Rajabu kihamishwe kutoka kwenye kabati. Kwake mtoto yuko safari. Mtu akisema neno "mirathi" mbele yake, anafunika masikio kwa ushungi.

Mimi nilikuwa katikati, nikinyonyesha.

Ndipo wewe, uliyekuwa na digrii yako tayari na meza yako ofisini kwa mawakili mjini, ukatangaza kwamba unapanda tena kilimani, chuo kikuu, kusoma digrii ya pili ya sheria. Tulifikiri umepata homa. Wakati wenye akili wote walikuwa wanatafuta njia ya kuvuka mpaka wa Kenya, wewe ulikuwa unatafuta kadi ya maktaba.

Nakumbuka siku ulipoleta ile orodha ya kozi, ndefu kama foleni ya chumvi. Ulinieleza kwamba digrii hii ni ya sheria kwa jumla: hufungwi kwenye tawi moja, unachagua mwenyewe kutoka kila upande mpaka hesabu ya kozi itimie. Macho yako yaling'aa kama ya mtu aliyeambiwa aingie dukani achukue anachotaka, na wakati ule maduka yalikuwa matupu. Wenzako wote walijua la kuchagua. Kodi, makampuni, mikataba. Wale mafuta mingi, matajiri wapya waliopewa maduka ya Wahindi waliofukuzwa, walihitaji wanasheria, na mwanasheria wa mafuta mingi hakosi sukari. Rafiki yako wa ofisini alikushauri hivyo hivyo. Hata mimi nilikushauri. Nilisema, "Wifi, chagua yenye sabuni."

Ukachagua mirathi. Ukachagua sheria ya dini yetu. Ukachagua ushahidi. Halafu, ukiwa umekaa kwenye ule mkeka, umeuma kalamu kwa meno, ukaweka alama kwenye bima ya meli.

Nilicheka mpaka maziwa yakanitoka. Meli! Nchi yetu haina bahari. Tuna ziwa, na hata huko wewe ulikuwa huthubutu kuingiza miguu. Nikakuambia hiyo si digrii, hiyo ni katogo, ndizi na utumbo na kila kilichobaki jikoni katika sufuria moja. Ukasema, "Katogo inashibisha, Mama Aziza. Ngoja iive."

Uliponisimulia jinsi ulivyopokewa kilimani, ulinionyesha kwa vitendo, ukitembea na mto wa Aziza tumboni kuwa profesa. Mwalimu wa kozi ile ya meli alikuwa ameshaondoka nchini na sanduku moja, kama wengi. Kwenye orodha kozi ilikuwepo, darasani hapakuwa na mtu. Yule profesa mzee wa mirathi, aliyebaki kwa sababu ya ukaidi au kwa sababu ya magoti yake, akakutazama juu ya miwani: "Bibi Mastula, nchi haina bahari, kozi haina mwalimu, na darasa halina mwanafunzi isipokuwa wewe. Unataka nini humo?" Nawe ukamjibu kwa adabu zako zote, "Mzee, karatasi inasema nichague. Nimechagua." Akakuambia usome peke yako, na kila Alhamisi upeleke ofisini kwake ulichosoma, akupinge. Ulirudi umefurahi kwa hilo neno la mwisho. Kupingwa! Mtu mwingine angefurahia cheti.

Ninavyokuona, wifi, nakuona unapanda ile barabara ya chuo umevaa ndala, viatu vyako vizuri vimo kwenye mfuko pamoja na vitabu, visichakae kwa mawe. Geti la kitivo linakaribia, unainama, unabadilisha. Unaingia ukiwa wakili. Ukitoka unainama tena. Wanafunzi wa hosteli walikucheka, nawe ulikuwa unawasalimia kwa majina.

Na siku ile ya foleni. Tulipanga mstari wa chumvi, mimi na mtoto mgongoni, wewe na kitabu. Mwanajeshi mmoja akapita na fimbo yake akisukuma watu, akasimama mbele yako. "Wewe unasoma nini?" Wewe ukafunga kitabu na kidole ndani, kutunza ukurasa. "Meli, afande." "Meli gani? Uganda kuna bahari?" "Ndiyo maana nasoma, afande. Sijapata kuiona." Akacheka, kicheko cha kweli, akawaita wenzake waje wamwone mwanamke anayesoma meli. Kisha akatuvuta mbele ya foleni. Tulirudi na chumvi. Nyumbani ndipo uliponiambia kwa nini umechagua meli, nami nikakaa chini kwenye kizingiti.

Ulisema hakuna kozi pale kilimani inayoitwa watu waliopotea. Na kama ingekuwepo, nani angethubutu kuweka alama? Jina lako lingekuwa mezani kwa askari kabla ya chakula cha mchana. Lakini meli hupotea. Zimepotea tangu zamani. Inatoka bandarini, hali ya hewa nzuri, na haisikiki tena. Hakuna aliyeiona ikizama. Mwenye mizigo analia, mwenye bima anasema tusubiri, mke wa nahodha anasimama pwani. Basi wanasheria wa huko walilazimika kukaa chini na kufikiri: kitu kisichosikika tutakitendeaje? Wamefikiri kwa muda mrefu sana, ulisema, kuliko mtu yeyote. Nawe ungeweza kukaa katika ofisi ya profesa, dirisha wazi, ukauliza maswali yote ya Rajabu, na kila anayepita nje anasikia habari ya meli tu.

Mpaka leo hilo linanisisimua mwili. Kwenye orodha yote ile uliona mlango ambao hakuna aliyeuona, na mlango wenyewe ulikuwa wazi mchana kweupe, na juu yake pameandikwa kitu cha kuchekesha.

Basi kuanzia hapo hata sisi nyumbani tukawa tunasema meli. Mimi namenya muhogo wa kuuza, wewe huku unaunguza posho, ugali wetu wa mahindi, maana kupika Mungu hakukujalia, unanieleza ya Alhamisi. Uliniuliza kama mtoto wa shule. Meli haijasikika, mwenye bima anaweza kusema imezama siku anayotaka? Hawezi. Mama wa nahodha anaweza kuzuia milele mizigo isiguswe? Hawezi. Sasa nini kinaulizwa? Nami nikajifunza kujibu, kisu mkononi: Mmetafuta wapi? Mmemuuliza nani? Muda uliopita unatosha kwa safari ya aina ile? Na wakati huo wote, nani anatunza mizigo isioze?

Hilo la mwisho ndilo lililokushika. Ulisema sheria ya ushahidi inataka miaka mingi kabla ya kumhesabu mtu amekufa. Vitabu vya dini vinatofautiana, huyu anasema subiri hivi, yule hivi. Lakini kabla ya kufika huko kote, mahakama inaweza kumpa mtu wa karibu kazi ya kusimamia vitu vya asiyesikika, vibaki salama, bila mtu yeyote kutamka kwamba amekufa. Ulipolifikia ulipiga goti langu kwa mwiko wa posho. "Mama Aziza! Si lazima tumzike na si lazima tuoze!"

Mama alikuwa mlangoni. Sikumwona. Alisikia "tumzike".

Sitasahau uso wake. Hakupiga kelele. Alisema, "Kumbe ndicho kinachokupeleka kilimani kila Alhamisi. Unamsomea kaka yako kaburi." Akageuka. Tangu siku hiyo mlikula sahani mbili, mama na binti, katika nyumba ya vyumba viwili. Ulijaribu kumweleza. Ulimfuata mpaka bombani ukiwa na ndoo yake. Yeye alisema msomi hana haja ya kumweleza mjinga. Niliona ilivyokuumiza, na niliona pia hukuacha hata Alhamisi moja. Hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko digrii. Mtu anaweza kusoma watu wakimpigia makofi. Wewe ulisoma mama yako akiwa amekupa mgongo, kwa ajili ya mtoto wake.

Halafu kifua chako. Ulikuwa nacho tangu utoto, tulikizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Vidonge vilikuwa vimeadimika. Tulivitafuta kwa magendo mpaka mtaa wa Bukoto kwa nesi mmoja, tukapata vichache, vikaisha. Ulikwenda hospitali kwa miguu yako ukisema Jumamosi utakuwa umerudi, niloweke maharage.

Niliyaloweka, wifi.

Siwezi kukaa sana hapo.

Profesa alikuja mazishini, magoti yake yote mawili, akapanda kilima cha makaburi akishikwa mkono. Alinitafuta mimi. Alisema ulikuwa umefaulu kozi zote, hata ile ya meli, ambayo aliisahihisha yeye mwenyewe na akatafuta mwenzake wa pili asome, watu wasiseme alikupendelea. Lilibaki lile andiko refu la mwisho. Bila hilo, chuo hakitoi digrii, kanuni ndivyo zilivyo, na siku ya mahafali jina lako halikusomwa. Nilikwenda, nakuambia. Nilisimama nje ya uzio na Aziza begani, tukasikiliza majina ya wale wa kodi na makampuni mpaka mwisho. Nilitaka kukasirika. Kisha nikawaza kwamba wewe mwenyewe ungesema, "Sikumaliza, Mama Aziza. Wangelisomaje?" Hukupenda kupewa kitu ambacho hakijatimia.

Sasa nakuja kwenye arobaini yako. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Tuliifanya nyumbani. Wanaume uani chini ya turubai, sisi wanawake ndani, pazia mlangoni. Mchele haukupatikana, tulipika posho na maharage, chai ya sukari guru, na watu walikuja wengi kuliko vikombe. Hata wale wanafunzi wa hosteli waliokucheka ndala. Baba Mdogo alikuja mapema, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akakaa karibu kabisa na sheikh. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia akiinama sikioni kwake. Nikasema moyoni ni mambo ya wanaume.

Unajua utaratibu. Baada ya kusoma, sheikh anaomba. Kwanza marehemu mwenyewe, kisha anawataja wafu wa nyumba ile kwa majina, mmoja mmoja, na watu wanaitikia amina. Kisha wagonjwa. Kisha wasafiri. Akakutaja wewe. Tukaitikia. Akamtaja baba yenu. Amina. Akamtaja bibi yenu wa Bombo. Amina. Nami nilikuwa nimemshika Mama mkono, mkono mkavu kama jani la mgomba. Sheikh akavuta pumzi akasema, "Na mtoto wa nyumba hii, Rajabu..."

Nilielewa papo hapo kilichonong'onezwa.

Wifi, unajua vizuri kuliko mimi jambo hilo lingekuwa nini. Amina ya watu wote wale ingetosha. Hakuna karatasi ambayo ingehitajika. Kesho yake mtaa mzima ungesema ameombewa pamoja na wafu, familia yenyewe imekubali, sheikh ni shahidi. Kesho kutwa Baba Mdogo angeanza kugawa. Na niliona watu wanavuta pumzi ya kuitikia.

Sijui nilisimamaje. Mtoto alikuwa mapajani, aliangukia mkeka. Nikasema kwa sauti, mimi ambaye sijapata kusema neno mbele ya sheikh, nyuma ya pazia, "Sheikh, samahani. Huyo hajasikika. Aende na wasafiri."

Baba Mdogo akanikata: "Mwanamke, kaa chini! Hii ni dua, siyo soko la muhogo!" Na mtu fulani upande wao akacheka kidogo. Lakini nilikuwa na maneno yako, yalikuja yenyewe kama wimbo wa kuruka kamba. Nikasema, "Baba Mdogo, kwa heshima zote. Umemtafuta wapi? Umemuuliza nani? Mimi nimeuliza gereji na kituo nikiwa na mimba. Wewe ulikwenda wapi? Aliyemwona amekufa aseme sasa hapa, nami nitavaa nguo za eda leo leo."

Wakati ule, wifi, hayo yalikuwa maneno ya kutisha. Aliyemwona aseme! Nani angesema, na kesho aulizwe aliona wapi? Watu walitazama chini. Sheikh mwenyewe akakohoa. Nami nilibaki nimesimama kama mti wa umeme, sijui nikae au nikimbie.

Ndipo Mama akaniachia. Nilihisi mkono wake unanitoka, nikafikiri amenikana. Kumbe anasimama. Alisogeza pazia, uso wazi mbele ya wanaume wote, akasema, "Sheikh, mimi ndiye niliyemzaa. Mfanye kama huyu anavyosema. Aende na wasafiri."

Na sheikh, Mungu amjalie, akarudi nyuma kama mtu aliyeruka mstari. Akafunga majina ya wafu, jina la mwisho likabaki la bibi yenu. Akaomba wagonjwa. Akaomba wasafiri, "na Rajabu, popote alipo, Mwenyezi Mungu ndiye anayemjua." Amina ile, wifi, ilitikisa turubai. Baba Mdogo hakula.

Watu walipoondoka Mama alikaa kwenye mkeka wako. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Yale maneno, uliyatoa wapi?" Nikamwambia, "Kwa Mastula. Ni ya kozi yake ya meli." Akasema, "Kozi ya nini?" Nikamweleza yote, tangu foleni ya chumvi. Nilipofika pale pa "si lazima tumzike na si lazima tuoze", aliniambia nirudie. Nikarudia. Akauma ncha ya ushungi. Alisema tu, "Na mimi nilimpa mgongo kwa nusu ya sentensi." Alikulilia upya, siyo kilio cha matanga, kingine. Kisha akanawa uso, akaniuliza mahakama inafunguliwa saa ngapi.

Tumekwenda. Yule rafiki yako wa ofisini, yule aliyekushauri uchague kodi, ndiye aliyetuandalia maombi, na hakutaka kusikia habari ya malipo. Alisema hakujua kama jambo hilo linawezekana mpaka wewe ulipombishia siku nzima wakati wa chakula. Hakimu alikuwa mtu mwenye hofu, ungemwona, anatazama mlango kila buti zikipita kwenye veranda. Aliuliza maswali haraka haraka, kwa sauti ya chini. Mmetafuta wapi. Mmemuuliza nani. Nilikaribia kutabasamu, nikajizuia. Mama aliweka kidole gumba chake kwenye wino bila kusukumwa. Kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayesimamia vitu vya Rajabu mpaka asikike, au mpaka sheria iseme vingine. Haijasema amekufa popote. Nilimwomba rafiki yako anisomee mara mbili, neno hilo halimo.

Habari nyingine ni ndogo ndogo. Paa limezibwa. Mpangaji ananiita Mama Mwenye Nyumba, kwa kejeli kidogo, lakini anazima redio nikimwambia. Baba Mdogo anasema mtaani kwamba wanawake wawili na maiti mmoja wamemfungia mlango. Nimeisikia, sikujibu. Nafikiri wewe ungeipenda. Mama na mimi tunakula sahani moja. Kikombe cha Rajabu kimo kabatini bado, ila juzi Aziza alikitoa akanywea uji, nami nikasubiri radi. Mama alimtazama, akamwambia, "Shika kwa mikono miwili."

Nakusikia unavyoniuliza: na wewe je? Nimechoka, wifi. Nauza muhogo mchana, nafua jioni, nimekonda. Siku nyingine nikisikia gari linapunguza mwendo nje, naganda. Huo ugonjwa haujapona na mahakama haina dawa yake. Lakini sikai tena mlangoni. Nilikuwa nakaa pale kila jioni, unakumbuka, uso barabarani, na wewe ulikuwa unaniletea kazi ya kumenya ili nigeuke. Nimegeuka mwenyewe.

Nimemwona profesa mara moja sokoni, ananunua nyanya moja moja kwa bei ya magendo. Nilimweleza ya arobaini na ya mahakamani. Aliniuliza vizuri vizuri, nani alisema, alisema mbele ya nani, nikajua mlikuwa mnaelewana kwa nini. Mwishowe akavua kofia, pale katikati ya watu, akasema, "Basi andiko lake limeandikwa." Nilimwongezea nyanya kwenye kikapu, nikidhani ndiyo heshima, muuza nyanya akanigombeza.

Aziza anaamka, anaita. Nifunge.

Lala, Mastula, dada wa Rajabu, shangazi wa Aziza, wifi yangu. Kilimani kule hawakukusoma. Hapa nyumbani utasomwa, kila dua, baada ya baba yako na bibi yako, na nitaitikia mimi kwanza. Hiyo ni ahadi, siyo ya mdomo. Na kaka yako nitamweka na wasafiri muda wote sheria itakaporuhusu na mimi nitakapokuwa na sauti. Ikija siku ya kumhamisha, nitamhamisha mwenyewe, kwa adabu, baada ya kuuliza maswali yako yote manne. Hakuna atakayemnong'onezea sheikh tena.

Na Aziza akifika umri wa kuchagua, sitamwambia achague yenye sabuni. Nitampa orodha, nikae kimya, nimenye muhogo.

Mimi wifi yako,
Hadija